Goti Bovu la Mjomba

Mwuza dawa amefungua chupa ya dawa ya kuchua, na mikono yangu imejikaza yenyewe.

Mjomba alinuka hivyo kila asubuhi kule kwenye soko la jumla la Zhanxi, alikofunga marobota ya viatu. Zamani alilipwa kucheza raga ya watu kumi na watatu. Magoti yalipoisha, timu ikamtupa. Alitulea sisi yatima kwa matusi. Mimi mkubwa nilishaacha shule, nikivuta kamba za marobota.

Siku moja alimburuta mdogo wangu stesheni, amkabidhi mwanamke mgeni aende naye.

"Mjomba, mwache."

"Wewe unafanya kazi. Huyu anakula tu. Au umekuwa mama yake? Pisha!"

Kila alipojisifia uchezaji wake, alitufundisha kuangusha mtu: bega chini ya goti, zungusha mikono mguuni, usiachie hata ukipigwa. Nikamvamia goti bovu. Akaanguka juu ya marobota yaliyosubiri treni, bado kamshika mdogo wangu, akinitandika makofi. Wapagazi wakapiga kelele, "Bosi kaangushwa na mtoto!"

"Achia, mshenzi!"

"Achia wewe kwanza."

Akamwachia mdogo wangu. Mimi sikuachia goti mpaka wapagazi waliposema kwamba yule mwanamke amepanda treni peke yake.