Mai Si Maji

Subira iliniishia jana, mwanangu aliporudi analia kutoka darasa la Kitaliano, mtaani kwetu Khuwair ya Kusini. "Mama, mwalimu kaniita punda." Mwalimu alikuwa anafundisha kukanusha, akapaza sauti: "Mai!" Yaani kamwe. Kwa Kiarabu chetu mai ni maji, basi mtoto akampelekea chupa yake ya maji. Darasa zima likacheka, na mwalimu ndiye aliyeanza.

Nikaifungua ile chupa. Ikanukia ubani tunaotia kwenye maji ya kunywa.

Nikakumbuka siku moja nilipokuwa mdogo kama yeye. Jirani yetu Mtaliana alikaa mkekani na bibi yangu, macho yamemvimba. Bibi akamuuliza kwa Kiarabu kama atarudi kwa yule mume anayempiga. Akafoka: "Mai!" Mimi mbio jikoni, nikamletea bilauri ya maji yaliyotiwa ubani.

"We mwana we, kakwambia ana kiu?" Bibi akacheka mpaka mtandio ukamvuka.

Jirani aliyanywa polepole, yote. Kisha akanipakata, akanifundisha. Non torno mai, sirudi kamwe: hiyo mai inakaa nyuma ya kitenzi, kwa utulivu. Ukiwa umechoka kabisa unaitanguliza, kama mtu anayebamiza mlango. Kiganja chake kilikuwa bado na ubaridi wa bilauri, kikiwa shavuni mwangu.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa kituo hicho cha lugha malalamiko yangu kwa maandishi: "Kamwe mwanangu asiitwe tena punda. Mwalimu amwombe radhi mbele ya wenzake. Na siku nyingine akiletewa maji, ayanywe."