Maksai Walioshikiliwa Kituoni

Mlinzi wa mtaa wetu hapa mjini hupuliza filimbi alfajiri anapomaliza zamu. Mume wangu hunicheka, maana kila ikilia mimi hukaa kitako kitandani na kutega sikio, nikisubiri milango ya majirani ifunguke. Haifunguki. Hujilaza tena, lakini usingizi ndiyo basi.

Kwetu, upande wa Kasoli, filimbi haikuwa ya mlinzi wala ya refa. Ilikuwa ya nzengo, yaani watu wote wa kitongoji, na kila mwenye mji, yaani kaya, alitundika yake kwenye msumari karibu na mlango. Ikilia, wanaume walitoka na pinde na fimbo hata kama tonge liko mdomoni. Asiyetoka alitozwa faini, na mkewe hakusalimiwa kisimani. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika vitu vingi vya baba, hata redio, lakini filimbi hatukuthubutu kuigusa.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali imelegeza biashara. Wanunuzi wa pamba wenye magari yao walikuwa wameanza kuja vijijini, na baba, ambaye hakuwa mtu wa ndoto, naye alianza kuota. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mwekundu, mkorofi, alimwita Ruksa. Yule mweusi alikuwa Kimya, na ukimkaribia alikupumulia shingoni pumzi yenye harufu ya majani mabichi. "Mwaka huu tunalima mpaka kule mbugani kwenye udongo mweusi," baba alisema.

Mvua za kwanza ziliponyesha tu, tuliamka tukakuta miiba ya zizi imesogezwa na maksai hawapo. Baba akapuliza. Mama hajamaliza hata kuwasha moto, uwanja ukawa umejaa watu. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Luhende, ntemi, yaani mkuu, wa sungusungu wetu, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyependa kututania sisi wasichana kwamba atatuoa wote kwa mpigo. Siku hiyo hakutania. Alichuchumaa, akazitazama nyayo kwenye udongo uliolowa, akasema tu, "Twendeni."

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Nyayo zikifika mpaka wa kijiji kingine, wenyeji waliitwa, wakaonyeshwa, wakazipokea. Kuanzia hapo ng'ombe walikuwa jukumu lao mpaka waonyeshe nyayo zimetoka kwenda wapi. Basi nyayo zikapokewa kijiji kwa kijiji hadi upande wa Lalago, zikaishia kwenye mji wa bwana mmoja. Maksai walirudi kesho yake jioni, matope hadi tumboni. Mama alilia kwa furaha, akawamwagia pumba zote tulizokuwa nazo.

Na yule bwana? Alipigwa. Sikuwepo, ila niliwasikia wanaume wakisimulia huku wakicheka, nami nikacheka nao. Aliamriwa atoe dume la faini, lichinjwe, wale pamoja, yaishe. Hayakuisha. Nduguze walimbeba hadi polisi, mkono umevunjika.

Gari la polisi likaja. Walimchukua Mzee Luhende kwa kumjeruhi mtu, na askari wengine wakawaswaga maksai wetu hadi kituoni.

"Hawa ni vielelezo," afande alimweleza baba. "Bila wao kesi ya wizi haisimami."

"Sasa mimi nalima na nini, afande?"

"Mzee, siyo mimi. Ni sheria."

Hakusema kwa ukali. Ningependa kuwaambia alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia mambo, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyechoka tu.

Maksai walifungwa nyuma ya kituo, chini ya mwarobaini. Serikali ilikuwa na kamba ya kuwafungia, haikuwa na fungu la majani. Baba alikuwa akinipakia kwenye baiskeli pamoja na mzigo wa nyasi, na Kimya alituona tukiwa bado barabarani. Kesi ikaahirishwa. Mara hakimu kasafiri, mara shahidi hakufika. Siku moja nilimwona yule bwana mahakamani, yuko nje kwa dhamana, na binti wa umri wangu anamlisha andazi kwa sababu mkono wake haukupinda tena. Sikucheka tena kuhusu kile kipigo.

Mvua haikungoja hakimu. Tulilima kwa jembe la mkono, kipande kidogo nyuma ya nyumba, na mbuga ya baba ikaota magugu. Kimya akafa palepale alipofungwa. Afande akaagiza ngozi ihifadhiwe, maana kesi bado.

Mwishowe kesi zote mbili zilifutwa kwa kukosa mashahidi. Mzee Luhende akarudi kwake akikohoa zaidi, na habari ya kutuoa hakuitaja tena. Ruksa akarudi mbavu nje.

Msimu uliofuata, Ruksa akaibwa. Baba akasimama uwanjani asubuhi, akapuliza. Akageukia mji wa Mzee Luhende, akapuliza tena, kwa muda mrefu. Niliwaona watu kwenye nyua zao. Walisimama, wakasikiliza, wakaingia ndani. Mama akamwambia baba aache, inatosha.

Mchana walikuja kutupa pole. Mzee Luhende alitazama chini, akasema, "Mwanangu, sisi tulidhani watoto wanachezea filimbi."

"Inawezekana," baba alijibu, akamvutia kiti.

Miaka mingi nilidhani tulipoteza maksai wawili. Sheria ilikuwa sawa kukataa mtu avunjwe mkono. Nzengo nayo ilikuwa sawa, nyayo hazisubiri tarehe ya kesi. Kila upande ulichukua haki yake ukaenda nayo, na pale kwetu hapakubaki mtu wa kutoka nje akiitwa.

Jioni ile baba aliitoa filimbi msumarini, akanipa nichezee. Nilifurahi sana.