Rhoda wa Nkome na gunia tatu zisizofunguliwa

Saa moja asubuhi, mwalo wa Nkome, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, umeshachangamka, dagaa wanaanikwa, wachuuzi wanagombania bei, na Rhoda amekaa juu ya tanga lake anashona. Amelikalia kabisa. Mtu akipita karibu, sindano inasimama mpaka apite.

"Umetumwa na nani?" Ndiyo salamu yake kwa mwandishi. "Na Mageni?"

Akiambiwa hapana, anaangalia viatu, anaangalia simu. "Haya, kaa pale. Ila simu weka mfukoni."

Huwezi kumlaumu. Leo Jumamosi, saa nne, kamati ya mwalo inakaa kuamua kama yeye na mumewe Eliya wataruhusiwa kupakia mzigo tena, au ndiyo basi. Wiki mbili sasa mtumbwi wao umelala mchangani. Mageni, mfanyabiashara wa dagaa, anasema wamemwibia gunia tisa halafu wakasingizia dhoruba.

Kwanza uwajue. Rhoda ana miaka thelathini na nne, Mzinza, kazaliwa kisiwani. Tanga alifundishwa na baba yake kwa sababu nyumba ile haikuwa na mtoto wa kiume. Eliya ni Msukuma wa Ibadakuli, Shinyanga, kule wanaona ndege zinatua kila siku ila ziwa hawalijui. Alikuja Geita kuchimba dhahabu, duara, yaani shimo lake, likajaa maji, akatoka na suruali moja. Akaja Nkome kutafuta kibarua, akapata mke.

Kwa hiyo kwenye mtumbwi wao mke ndiye anashika usukani. Mume anapandisha tanga, anashusha, anakomba maji. Wavuvi wengi hapa hawataki mwanamke aguse hata ubao wa mtumbwi, wanasema samaki wanakimbia.

"Mimi sivui samaki," anasema Rhoda. "Nabeba waliokufa tayari."

Eliya anacheka. "Mimi wananiita mke wa nahodha. Naitika tu. Nifanyeje, kuogelea kwenyewe sijui."

Kazi yao ni kutoa mzigo wa dagaa mkavu kambini kisiwani na kuuleta Nkome, mwendo wa saa tano hivi upepo ukiwa mzuri. Nauli ya gunia ni shilingi elfu tatu. Wenye injini wanataka zaidi, ndiyo maana wachuuzi wadogo wanawatafuta hawa.

Siku ile walipakia gunia kumi na sita. Nne za jirani yao Mwamvua zikawekwa chini, kumi na mbili za Mageni juu yake. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, Eliya mwenyewe anakubali ni lake. Rhoda alikuwa ameenda kumjulia hali shangazi yake pale kambini, mume akabaki anasimamia.

"Wapakiaji wakawa wanaguna," anasema Eliya. "Nikajua hawajala. Wangekuwa ng'ombe ningeshtuka. Dagaa mimi nitawajulia wapi?"

Rhoda aliporudi, akautazama mtumbwi ulivyokaa, hakupenda. "Nikamuuliza, Baba Noela, mbona umelalia kushoto? Akaniambia ni macho yangu."

Hata leo akisimulia hacheki.

Saa sita mchana, katikati ya maji, upande wa Chato kukawa kweusi. Upepo ukaja kabla ya mvua. Eliya akakimbilia kushusha tanga, nusu likachanikia mikononi. Mawimbi yakaanza kuingia ndani, na kila wimbi likipiga, mtumbwi unalala kushoto, unachelewa kuinuka.

"Nikasema tupa," anasema Rhoda. "Anza na za juu."

Za juu ni za Mageni. Ikaenda moja, ikaenda ya pili, mpaka tisa, zinaelea zinaondoka. Ya kumi Eliya akaishika, haikunyanyuka. Zilizobaki mbili vilevile. Tatu zote upande wa kushoto, nzito kama mawe, wakati gunia la dagaa mkavu mtu mmoja anajitwisha bila taabu.

Eliya akatoa kisu akate uzi aone kuna nini. Na hapo maji yameshafika magotini, tanga limechanika, mume hajui kuogelea. Mke akapiga kelele, na wala siyo za kuomba msaada.

"Yaya! Hapana! Usifungue! Tutaitwa wezi!"

Hapa kila mchuuzi ana mshono wake wa gunia. Mageni anatumia uzi wa bluu wa nyavu, mafundo mawili mawili, anashona mwenyewe, na anajisifu mwalo mzima kwamba hakuna wa kumuiga. Rhoda alijua uzi ule ukikatwa tu, ndani kukutwe chochote, watasema wameweka wao.

Akamwambia azifunge zote tatu kwenye kamba ya nanga, azibiringishe moja moja mpaka mbele ya mtumbwi, azidondoshe. Ziliposhuka majini zikawa zinauvuta, pua ikageukia upepo, mawimbi yakaacha kuwapiga ubavuni. Saa mbili nzima Eliya anakomba maji kwa dumu lililokatwa, Rhoda yuko kwenye usukani, hawasemeshani.

"Alinisemesha mara moja," Eliya anasahihisha. "Aliniuliza wapakiaji walikuwa wangapi, na niwataje majina."

Walipoingia Nkome na nusu tanga, Mageni alikuwa ufukweni. Hakuuliza wamepona vipi. Aliuliza mbona za Mwamvua zimefika zote.

Rhoda akataka zile gunia tatu, zilizokuja zikiburutwa na kamba mpaka ufukweni, zifungiwe stoo ya kamati vilevile zilivyo. Cornel, mwenyekiti wa mwalo, akatia kufuli lake. Rhoda akatia na la kwake. Cornel alinuna siku tatu.

Sasa ni saa nne. Watu kama hamsini wamejaa mlangoni pa stoo, kufuli zinafunguliwa zote mbili, harufu inawarudisha nyuma. Cornel anamwita Mageni auangalie uzi.

"Ni wako?"

"Wangu."

"Umeguswa?"

Mageni anainama, anapekua fundo kwa fundo, gunia zote tatu. "Haujaguswa. Ila mwenyekiti, mimi nadai zile..."

"Kata."

Uzi unakatwa. Juu kuna dagaa kidogo, wameoza. Chini yake ni mchanga mtupu, unamwagikia miguuni kwa Mageni.

"Kumbe bosi unauza kiwanja kwa kilo!" mtu anapaza sauti huko nyuma, na mwalo wote unalipuka.

Mageni anasema ni vijana wake wa kambini wamemfanyia. Inawezekana. Rhoda anamuuliza swali moja tu, "Si ulisema unashona mwenyewe?" Mageni anakung'uta mchanga miguuni.

Kamati haichukui muda. Wapakie kuanzia Jumatatu. Kuhusu zile tisa, Cornel anasema ziwa limezichukua, na kwa alichokiona leo, hathubutu kusema zilikuwa na nini.

Eliya anapeana mikono na kila mtu. Mpango wake ni kujua kuogelea kabla ya Krismasi, Rhoda atamfundisha kwa kumfunga kamba kiunoni. Rhoda mwenyewe amenunua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutobolea gunia uone kilichomo.

Mwamvua anakuja mbio, anamkumbatia. "Hongera, mama! Jumatatu nina kumi kule kambini. Nitampigia mtu awapakilie."

"Njoo mwenyewe."

"Mimi tena, Mama Noela? Wiki mbili nimewapa unga wangu mkala!"

"Na tumeshukuru sana," anasema Rhoda, anakunja tanga. "Tunaondoka saa kumi na mbili. Tutazitoboa zote kumi, wewe ukiwepo."