Mashine Iliyomngoja Dominic

Wakesho alizaliwa Mwanda, kule juu milimani ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, ukakaa kitako kama mgeni wa siku nyingi. Tangu utotoni alikuwa na tabia moja: akitazama kitu, huzama humo mzima mzima. Akimwangalia mdudu apandaye jani la mgomba, dunia nyingine yote huzimika. Maziwa yalichemka yakafurika mekoni naye yupo papo hapo, kijiti mkononi. Mbuzi walivamia mahindi ya jirani mbele ya macho yake. Babake, Zephaniah, aliyekuwa mwinjilisti, alimwita na kumwita tena, na yule mtoto ndipo ageuke polepole kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, baba."

"Mwili ndio uliokuwa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Pale alipokuwa hapakuwa na jina.

Shuleni, kuzama kule kuligeuka neema. Hesabu iliyowashinda wenzake aliingia ndani yake akaketi, mpaka ikamfungukia. Alipomaliza kidato cha sita alipata kazi Nairobi, katika ofisi iliyokuwa na kompyuta yenye ukubwa wa chumba, inayolishwa kadi zilizotobolewa matundu. Huko ndiko alikojifunza kuandika programu. Aliipenda kompyuta ile kama mtu anavyompenda ndugu anayefanana naye. Unaipa kazi moja, inaifanya kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayeita jina lake katikati.

Lakini Nairobi haikumkalia moyoni. Miaka ya themanini ilipoanza, alisikia kwamba shamba la mkonge la Kirumbi, nje kidogo ya Voi kwa barabara ya Taveta, lilikuwa limenunua kompyuta ndogo isiyozidi sanduku la nguo, na lilitafuta mtu wa kuifundisha kazi. Akafunga mizigo.

Meneja, Bwana Donald, alimweleza shida yake. Siku za jua nyuzi za mkonge hukauka zenyewe, zimeanikwa kwenye nyaya huko nje. Siku za mvua hukaushwa kwa hewa ya moto ndani ya nyumba maalumu, na humo ndimo mlimokuwa na hatari. Moto ukizidi kidogo, nyuzi zinaungua. Zikikaa humo kupita muda wake, zinavunjikavunjika.

"Nataka mashine hii ifanye mambo matatu," alisema. "Ipokee uzito wa kila robota la nyuzi kutoka kwa karani wa mizani. Iangalie joto. Na ihesabu muda. Joto likipanda, ifunge mlango wa moto, ule unaoingiza hewa, na ipige kengele. Muda ukiisha, ipige kengele vilevile. Utaweza?"

"Nitaweza."

Wakapitisha waya wa kupima joto hadi kwenye nyumba ya kukaushia, na waya mwingine hadi kwenye mlango wa moto. Wakesho alipewa chumba pembeni mwa shamba. Jioni alikaa kizingitini akaangalia mistari ya mkonge ikikimbia, ikikimbia, mpaka ikayeyuka kwenye rangi ya samawati. Mlima Kasigau ulielea mbali, hauna miguu. Gari la moshi likipita Voi, mlio wake ulifika umechakaa, kama wimbo aliousikia mtu akiwa usingizini. Humo chumbani ndimo alimoiandika programu yake, na ilipokamilika aliona ni nzuri. Ilikuwa inamuuliza karani uzito, ikishapata jibu inaangalia joto, ikishaangalia joto inatazama saa, kisha inarudi kwa karani. Mviringo safi, kama bangili.

Alasiri moja ya Novemba, mvua ikiwa imetanda, karani Dominic alikaa mbele ya kibodi kama kawaida yake, akipiga mbinja. Alikuwa mtu wa bashasha, mwenye kujua habari za kila mtu. Alibonyeza tarakimu ya kwanza ya uzito, na kabla hajabonyeza ya pili, akasikia anaitwa nje. Lori lililobeba majani lilikuwa limezama kwenye matope, na dereva aliomba watu wa kusukuma. Dominic akainuka akaenda.

Kwenye skrini kialama kidogo kilibaki kikipepesa, kikimngoja.

Wakesho naye alikuwa dirishani mwa ofisi. Aliona mawingu yakishuka juu ya vilima vya Sagalla, tabaka juu ya tabaka, na akaenda nayo. Hakujua alikaa huko kwa muda gani. Kilichomrudisha ni harufu, kisha kilio cha mwanamume.

Alipofika nyumba ya kukaushia, moshi ulikuwa unatoka milangoni kwa mafungu, mweupe na mzito. Mzee Katuku, mfanyakazi wa zamani kutoka Ukambani, alikuwa ameingia kuvuta nyuzi zisishike moto zote. Alitoka ameukumbatia mkono wake wa kulia kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Watu walimwaga maji, wakatupa matope, na mvua nayo ikasaidia. Moto ulizimika, lakini nusu ya nyumba ilikuwa imekwenda.

Bwana Donald aliingia ofisini na viatu vya matope, Wakesho nyuma yake. "Hii mashine ilikuwa imelala?"

Wakesho alitazama skrini. Kialama kilikuwa bado kinapepesa, kwa upole na subira, karibu na ile tarakimu moja.

"Haikulala," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa inamngoja Dominic."

Dominic, aliyekuwa mlangoni, alijishika kichwa. "Mungu wangu. Mimi?"

"Si wewe, kaka. Mtu akiitwa huitika. Mimi ndiye niliyeiandika isimame kwenye mlango mmoja, wa karani, mpaka ufunguliwe. Joto lilikuwa linapiga kelele. Muda ulikuwa umeisha. Haikuwa na habari."

Meneja akaizima kompyuta, akaifunika kwa gunia. "Mvua zikiisha," alisema, "utanionyesha kitu kingine, au nitaiuza."

Siku ya tatu Wakesho alikwenda kumwona Katuku kambini, amebeba sukari na majani ya chai. Mkewe, Wanza, alimkaribisha kwenye kigoda. Katuku alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kitambaa cheupe.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini, mwanangu?"

Akamweleza yote, bila kujificha. Katuku alisikiliza, uso umekunjamana, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Ngoja kwanza. Yaani nyumba inaungua, mimi niko ndani, na yenyewe inamngoja Dominic?"

"Ndiyo, mzee."

"Dominic huyu huyu? Ambaye ukimtuma chumvi anarudi na habari za harusi?"

Wanza aliangua kicheko, akajifuta macho kwa leso. Wakesho akacheka nao, na katikati ya kicheko machozi yakaja, na Wanza akamwekea mkono mgongoni.

"Sina kinyongo," Katuku alisema walipotulia. "Lakini ukiiwasha tena, niite. Nataka niwe pale."

Wakesho aliirarua programu ya kwanza yote. Kompyuta haikuwa na kasoro ya kasi. Kufumba na kufumbua kwa mtu, kwayo ni kama kutwa. Kasoro ilikuwa kuupa mlango mmoja roho yote. Hii ya pili aliiandika kinyume, kwa lugha ngumu ya mashine yenyewe. Isimngoje mtu. Kila mlango, wa karani, wa joto na wa saa, uwe na kengele yake ya kuiita mashine. Karani akibonyeza tarakimu, mashine iache ilichokuwa nacho, iichukue ile tarakimu, iiweke kwenye foleni, irudi kazini. Joto likibadilika, vivyo hivyo, ila joto lisimame mbele ya foleni daima. Na saa ya ndani iigutushe kila mara, hata kama watu wote wamenyamaza, ipate kutazama huku na huku. Isipokuwa na kazi, isinzie, lakini isinzie masikio wazi.

Kazi ile ilikwenda kinyume na umbile la Wakesho mwenyewe. Majuma ya kwanza kengele zilikanyagana. Tarakimu za Dominic zilichanganyika na za joto, na siku moja kompyuta ikatangaza kwamba robota lililo mizanini linachemka. Dominic alikwenda akaligusa, kwa hofu, akathibitisha ni baridi. Wakesho alifikiri siku nyingi, akitembea kati ya mistari ya mkonge, mpaka akaona njia. Mashine inapoigusa foleni, izibe masikio kwa mpepeso mmoja tu, imalize, kisha iyazibue. Kengele iliyolia wakati huo itasubiri kidogo, haitapotea.

Katika matembezi yale jambo lilimjia bila kuitwa. Alianza kusikia. Upepo ulisugua majani, mashine ya korona ilinguruma ikikwaruza mkonge kule kiwandani, wanawake walioanika nyuzi waliitana kwa Kidawida, lugha ya kwao, na vyote vilimfikia kwa pamoja, na bado mawazo yake yalikuwa yake. Hakuwa amejua kwamba inawezekana.

Mvua zilipokatika, walikusanyika ofisini. Katuku alikuja na sufuria ya maji ya moto, ameishika kwa mkono wa kushoto. Dominic alibonyeza tarakimu moja, akainua mikono juu, akatoka nje, akasimama uani amefunga mikono kifuani.

"Sasa," Wakesho alisema.

Katuku akachovya majini waya wa joto, uliokuwa umevutwa hadi ofisini kwa jaribio hilo. Kengele ililia hapo hapo, na kule kwenye nyumba iliyojengwa upya mlango wa moto ukajifunga kwa kishindo. Kwenye skrini, tarakimu ya Dominic ilikuwa bado iko mahali pake. Akaitwa, akamalizia kuandika uzito, ukapokelewa.

"Bado," Wakesho alisema. "Tukae tu. Mtu asiguse kitu."

Wakakaa. Nzi alizunguka. Bwana Donald alikohoa. Katuku alikuwa anataka kusema neno, na kengele ikalia yenyewe. Muda ulikuwa umeisha.

"Na hakuna aliyeigusa!" Katuku alisema, akaitazama mashine kama mtu anayemtazama mnyama mpya zizini. Meneja alilikunja lile gunia, akaondoka nalo.

Mashine ile ilifanya kazi mpaka bei ya mkonge ilipoporomoka na watu wakaanza kupunguzwa. Katuku alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuondoka. Wakesho alimsindikiza yeye na mkewe stesheni ya Voi, amembebea Wanza beseni lenye vyombo. Mkono wa kulia wa mzee haukuwahi kufunga tena sawasawa. Alimpungia nao dirishani, vidole vimekunjika nusu, kama mtu anayeshika yai. Gari likaondoka kuelekea Mtito, njia ya Ukambani. Jua lilikuwa kali na reli ilimeremeta, na hewa juu yake ilitetemeka mpaka mabehewa yakaonekana yanapita ndani ya maji. Wakesho alisimama hapo, mikono mitupu, mpaka yakawa madogo, kisha akavuka reli kwenda sokoni kununua mboga.