Mabango Kumi na Manane ya Lodio Ekeno

Marehemu mume wangu, Lodio Ekeno, hakuiba karatasi hata moja. Naandika hivi kwa sababu mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kumzika, mtu aliandika katika kitabu cha wageni pale ukumbini, mjini Isiolo, mabango yake yalipokuwa yakionyeshwa: "Dereva wa mbuzi alitoa wapi hizi?" Hakuweka jina. Kabla ya saa nne maneno yalikuwa yamefika soko la maziwa.

Ni kweli, alikuwa dereva wa mbuzi. Miaka ishirini na sita aliendesha lori kati ya Isiolo na Nairobi. Mbuzi wakishashushwa, wenzake walikwenda kula nyama. Yeye alivaa shati safi alilolificha nyuma ya kiti, akaenda kutazama maonyesho ya sanaa. Siku ya kufunga, aliomba bango lililobandikwa mlangoni. Mengi yalikuwa yakielekea pipani.

Lakini Lodio alikuwa mwana wa wafugaji. Sokoni kwetu mnyama hahami mkono bila barua yenye majina, shahidi na alama ya moto. Basi kila bango aliligeuza, akaandika kwa penseli nani ametoa, nani amepokea, nani ameshuhudia, kisha akachora alama ya ng'ombe wa baba yake. Wenye maonyesho walicheka, wakatia sahihi.

Jumapili tukitoka kanisani aliyatandaza kitandani, nyumbani kwetu Burat. "Mwalimu, nisomee hili la twiga mwekundu," alizoea kusema, nami nilimsomea, ingawa alilijua neno kwa neno. Yalinuka dizeli na mbuzi. Sasa hayanuki chochote.

Jirma, afisa wa utamaduni wa kaunti, aliponiomba ayaonyeshe, nilimpa yote kumi na manane. Ili yasijikunje, aliyabandika kwa gundi juu ya mbao. Hakujua kwamba barua iko mgongoni, na mimi sikumwambia. Hilo ni kosa langu.

Jirani yangu Kabale, muuza maziwa ya ngamia, ndiye aliyeniletea habari.

"Mwalimu, wanasema mzee alikuwa mwizi wa mapicha."

"Nani wanasema?"

"Hao hawana majina. Wana midomo tu."

Nilikwenda ukumbini. Jirma aliinuka kunipa kiti. "Mama, wengine wanataka tuyashushe mpaka ijulikane yalikotoka."

"Yalikotoka kumeandikwa nyuma."

Akashika kichwa. "Nyuma kote nimepaka gundi."

Nilimwambia alete karai la maji. Nilichagua la twiga mwekundu, la mwaka 1979, kwa sababu shahidi wake alikuwa hai: Umuro, dereva mwenzake Lodio. Tulimsubiri siku mbili atoke Garbatulla. Akafika na bakora yake, akakaa mbele ya watu kama thelathini.

Tuliloweka bango. Rangi ilitoka kwanza, maji yakawa mekundu. Nilipolibandua, shingo ya twiga ilikatika mikononi mwangu. Nikaligeuza. Penseli haiogopi maji: jina la mtoaji na sahihi yake, Lodio Ekeno mpokeaji, Umuro shahidi, na ile alama chini.

Umuro aliinama kutazama. "Ni mkono wangu huo. Nilimwambia, wewe Lodio, mnyama wa karatasi utamchinja lini?"

Watu walicheka, wengine wakatazama chini. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Na hayo mengine?"

Jirma alinyoosha mkono kuchukua la pili.

"Liache hapo," nilimwambia.

"Lakini mama, tukiwaonyesha mawili matatu, watanyamaza."

"Aliyeona moja ameona. Asiyeridhika hataridhika na kumi na manane."

Siku hiyo hiyo niliyapeleka nyumbani, yote kumi na saba, na mbao zake. Watu bado huja kubisha mlango wakitaka kuuliza kuhusu hayo mengine. Siwajibu, wala sitawajibu hapa.