Mzee Aliyenitajia Saa

Sikuwa nimekunywa siku hiyo, wala sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu najua utaniuliza. Ilikuwa mchana kweupe, hapa Tunduma mpakani, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta.

Mama mmoja wa kijiji cha Iyula aliniletea kompyuta mpakato ndogo ya marehemu mumewe. Ilikuwa inajizima kila baada ya dakika chache. Ndani yake mumewe alikuwa amejirekodi akiwabariki watoto, wiki chache kabla hajafa.

"Jumamosi tunaanua matanga," alisema. "Wanangu wawili wako Zambia, hawakuwahi mazishi. Nataka wamsikie baba yao hata mara moja. Sauti iko humo tu, mwanangu, hakuna pengine."

Nilijua dawa yake: kuweka upya ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, mafundi tunaiita bayosi. Unaiingiza kwa mkono kutoka kwenye flashi, na ikishaanza haitakiwi kukatizwa. Umeme ukikatika katikati, bodi inakufa. Na kwenye vikompyuta kama kile, hifadhi ya mafaili imechomelewa kwenye bodi hiyohiyo, kwa hiyo vinakufa pamoja. Ningeweza kuinakili sauti kwanza. Flashi nyingine ilikuwa mezani, karibu na kikombe changu. Niliona uvivu, basi.

Betri yake ilikuwa haishiki chaji, nikategemea umeme wa kwenye soketi. Tulikuwa tumetangaziwa kwamba umeme utakatwa saa kumi. Nikatazama simu: saa tisa kasoro dakika tano. Muda tele.

Ndipo nikamwona mzee ameketi kwenye benchi langu. Sikumwona akiingia. Alivaa kofia ya sufu, ana kovu juu ya jicho la kushoto, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyiha.

"Usianze, mwanangu. Saa kumi imefika."

"Bado saa nzima, mzee."

"Simu yako imeshika Zambia."

Niamini, hakuna mtu wa Tunduma asiyelijua jambo hilo. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, saa yake inarudi nyuma saa nzima. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu nimuulize muuza viatu wa jirani. Lakini nani atakubali kuambiwa habari za simu na mzee wa shamba, mbele ya mashine zake mwenyewe?

"Wewe mzee, si unasoma saa kwa jogoo?"

"Jogoo wetu hakosei," alinijibu, bila kucheka. Kisha akasema taratibu, "Ningekuzuia, mwanangu, ila mikono yangu haishiki tena."

Nikadhani anasema habari za baridi yabisi. Nikabonyeza.

Mstari unaoonyesha kazi ilipofikia ulifika katikati ya kioo. Feni ikanyamaza, kioo kikawa cheusi. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Kesho yake mama alikuja na mfuko wa kahawa kunishukuru. Alileta na ratiba ya ibada ya mazishi, ili nimjue mtu niliyemfanyia kazi. Picha ya mbele: kofia ileile, kovu lilelile. Unafikiri nilikiri? Nilimwambia mashine ililetwa ikiwa imeshakufa.

"Basi, mwanangu. Umejitahidi," alisema, akaniachia kahawa yake.

Matanga yalianuliwa bila ile sauti. Mama ameendelea kunipigia kunijulia hali, na mwezi uliopita aliniambia, "Namwota mzee wangu. Anafungua mdomo kuniambia kitu, sauti haitoki. Wewe fundi, unadhani anataka kusema nini?"

Nikasema sijui, mama.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikabidhiwa kitu cha mtu, nakili kwanza. Mgeni akikutajia saa, usimcheke, kaulize. Na ukiharibu, sema siku ileile, kabla hujapewa asante. Mimi siku hizi namba ya yule mama ikiita, naitazama mpaka inyamaze.