Neno la Kiingereza Lililonivusha Rusumo

Niliondoka Ngara kwa sababu ya neno moja. Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, nami nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Nilimpenda Mwamini, binti wa Kigali aliyewahi kuishi pale Ngara kwa mjomba wake mwenye duka, kisha akarudi kwao. Sikuwahi kumtamkia. Siku nilipopata ujasiri nilikwenda posta nikampigia simu. Akapokea kaka yake, Hamza, mtu wa kupenda kuchanganya lugha, akaniambia, "Mwamini iko engaged tangu Jumatatu." Laini ikakatika.

Wanafunzi wangu nilikuwa nimewafundisha kwamba neno hilo lina maana mbili: laini ya simu inayotumika, au mtu aliyekwisha kuchumbiwa. Hakuna simu inayotumika tangu Jumatatu. Nikamwomba mkuu wa shule ruhusa, nikamwambia ni jambo la kifamilia, huku nikitumaini kwamba litakuja kuwa hivyo.

Jumamosi asubuhi nikafika Rusumo, mpakani na Rwanda. Nilivuka daraja kwa miguu, maporomoko yakinguruma chini na kunirushia manyunyu usoni, nami nikiwa nimekumbatia debe dogo la asali kama mtoto mchanga. Upande wa pili kulikuwa na vita kule kaskazini, kwa hiyo askari walimhoji kila mtu kwa makini. Afisa wa uhamiaji aliniuliza ninakwenda kufanya nini Kigali. Nilitaka kusema kutembea, lakini mdomo ukasema kuzuia ndoa. Akanitazama, akaitazama asali, akagonga muhuri.

Kutoka hapo gari lilipanda kilima, likashuka, likapanda kingine. Migomba ilikuwa mingi hata nikajiona bado niko kwetu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mwamini, na kila tulipofika kizuizi na kushushwa kukaguliwa, nilipanda tena nimeyasahau. Abiria mwenzangu, mama mmoja wa Kibungo, akaniuliza kama ninasali. Nikamwambia ndiyo.

Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, wapagazi wawili waligombea debe langu, na wote wawili wakashindwa kuninyang'anya. Nikauliza njia ya Biryogo, mtaa wa Waislamu, nikaenda karibu mbio.

Nilipofika kwao Mwamini nilijua nimechelewa. Uani kulikuwa na sufuria kubwa la pilau, wanawake wamejaa, na vitambaa vipya vimetandazwa juu ya mkeka. Mama yake, aliyenifahamu tangu alipokuja Ngara kumtembelea kaka yake, alinipokea kwa furaha. Nikamwamkia, nikampa asali, nikampa na hongera. Kisha nikauliza bwana arusi yuko wapi.

Mama akauliza, "Bwana arusi wa nani, mwarimu?"

"Wa Mwamini. Hamza aliniambia iko engaged."

Hamza alitoka ndani na sahani mkononi. Akasema bila wasiwasi, "Ndiyo. Iko engaged kwa farumasi, kule Gisimenti. Wamemupa kazi, na hii pilau ni ya kumupongeza."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa majirani nje. Mama alilazimika kukaa chini. Shangazi yake Mwamini, Bi Zaina, aliyekuwa akifundisha Kifaransa, alijifuta machozi akanieleza kwamba kwa Kifaransa mtu akiajiriwa husemwa hivyo hivyo, na Waingereza walilichukua neno huko. Ndani yake, alisema, kuna neno la zamani, *gage*, yaani rehani: kitu unachokiweka ili ahadi yako iaminike. Anayeajiriwa anaweka mikono yake. Anayeposa anaweka kitu cha thamani.

Hapo ndipo Mwamini alipoingia, bado na koti jeupe la kazini. Walimsimulia wote kwa pamoja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mimi peke yangu, "Ungekuta ni kweli, ungesema nini?"

Maneno yote ya njiani yalikuwa yamepotea. Nikasema, "Ningekuomba unichague mimi."

Hakucheka. Alimtazama mama yake, akasema kwa upole, "Mama, mimi nataka."

Mama alisema posa hailetwi na mtu mmoja mwenye vumbi miguuni. Nirudi na wazee wangu. Lakini Bi Zaina akanyoosha kiganja akadai rehani. Nikavua saa ya mkononi, ya marehemu baba. Mwamini akavua mtandio wake wa kijani akanipa, akisema naye asiaminiwe bure.

Jumapili nilirudi Ngara, nikiuliza saa kwa kila abiria na kufurahi kila nilipouliza. Shuleni nilifungua kamusi kubwa, nikakuta kwamba neno la Kiingereza la mshahara, *wage*, na lile la kuoa, *wed*, yametoka katika mzizi huo huo wa rehani. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka mingi, na nilikuwa sijajua kwamba ndani yake kuna mtu anayetoa kitu chake akakiacha kwa mwingine.

Jumatatu niliwaandikia wanafunzi ubaoni maana ya tatu, ya kuajiriwa. Msichana wa dawati la mbele akaomba mfano wa ile ya uchumba. Nikachukua chaki, nikaandika polepole: *I am engaged.* Walisoma kwa sauti, wakageuka kutazamana, kisha darasa zima likasimama juu ya madawati likishangilia.